Mkanda wa Mwisho wa Bi Idella

Jumanne, 9 Septemba
Kazini saa kumi na moja alfajiri, kama kawaida. Mikasi, koleo, visu vya upasuaji. Naviosha, navipanga kwenye trei, naviingiza kwenye mashine ya mvuke. Vizibo masikioni kutwa. Nimetoka saa nane mchana na maneno niliyosema leo hayafiki kumi.

Kisha maktaba ya Richardson, hapa Texas. Jumanne ya pili ya mwezi, saa kumi jioni, sinema bubu za miaka mia iliyopita. Tulikuwa watu sita. Mimi ndiye kijana wao, na nina miaka hamsini na moja. Anayeonyesha ni Bi Harriet, mwalimu mstaafu, mwanamke wa themanini na kitu mwenye fimbo na ulimi mkali.

Leo tena ilikuwa filamu ya Bi Idella Crane. Nasema hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu: nampenda. Alikufa kabla mama yangu hajaolewa na mimi nampenda. Ana macho makubwa na mdomo usiotulia. Akitaka kitu unajua kabla hajanyoosha mkono. Zamani zake watu walijaza barabara kumwona akishuka kwenye gari.

Filamu yenyewe: mke anamkimbia mume wa shamba asiyesema naye, anakwenda mjini, anauza kofia dukani. Mume anamfuata. Anasimama nje ya kioo cha duka. Wanatazamana. Hapo mkanda unakatika. Kipande cha mwisho kilipotea zamani, hakuna ajuaye kilikuwa na nini. Wazee wanabishana kila mara. Mmoja anasema mume aliingia. Mwingine anasema mke alitoka.

Mimi sibishani. Narudi nyumbani nalala njaa.

Ijumaa, 12 Septemba
Baada ya sala nimekaa na Ustadh Haji kwenye gari lake. Ni mtu wa Unguja, anafanya kazi ofisi za kompyuta, hana haraka. Nimemweleza yote. Nayaandika hapa pia ili nisijidanganye baadaye.

Nilimwacha mke wangu, Rehema, Jumapili ya tarehe 17 Agosti, saa saba mchana, wali ukiwa mezani. Talaka moja. Nilikuwa sijasema naye siku tatu. Si kwa ugomvi. Ndivyo nilivyo nyumbani. Akaweka kijiko chini akasema, "Kassim, sema chochote. Hata tusi." Nikasema nimekuacha. Miaka ishirini na mbili, na hilo ndilo neno nililokuwa nalo mdomoni.

Hakulia. Alifunika wali, akapanga nguo, akaenda Houston kwa dada yake.

Ustadh akasema talaka yangu ni rejea. Eda haijaisha, bado ni mke wangu. Namrejea bila ndoa mpya, bila mahari. Ila sisi wa madhehebu ya Shafi, kumrejea ni kwa kutamka. Kumtumia nguo hakutoshi. Kulia hakutoshi. Lazima mdomo useme: nimekurejea. Nikamuuliza, na yeye asipotaka? Akasema, "Kisheria, bwana, neno ni lako. Lakini wewe ni mtu mzima. Nenda kamtazame kwanza."

Siku zenyewe za eda ni twahara tatu, vipindi vitatu vya kutakata kati ya hedhi, na anayezihesabu ni yeye. Mimi sijui hata ya kwanza imefika wapi.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimempigia Rehema. Imelia mara nne, akapokea. Akasema, "Haloo." Nimesikia pumzi yake, na feni ya jikoni kwa dada yake. Akasubiri. Akakata.

Mpumbavu mimi.

Jumapili, 21 Septemba
Bi Harriet kanialika chai. Kanionyesha daftari la bibi yake. Bibi alikuwa msichana wa Fort Worth, binti wa fundi viatu, na alikuwa na ugonjwa wa kumpenda Bi Idella. Kila picha aliyoikata gazetini ameibandika. Vipande vya tiketi. Kipande cha kitambaa cha rangi ileile ya gauni alilovaa Bi Idella kwenye picha moja, ingawa filamu yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe na rangi aliibuni mwenyewe. Alimwandikia barua kila mwezi. Alijibiwa mara moja: picha yenye sahihi. Bi Harriet anasema sahihi zile ziliwekwa na makarani, barua zilikuwa zinaingia kwa magunia. Bibi alijua. Akailalia picha ile chini ya mto hata hivyo.

Siku moja Bi Idella alikuja Dallas kufungua jumba la sinema. Bibi akapanda treni, akasimama kwa muda wa saa tano. Nyota akapita, akapunga, hakusema kitu. Bibi alisimulia mkono ule maisha yake yote.

Halafu sinema zikapata sauti. Bi Idella akafungua mdomo, na sauti yake ilikuwa ya kawaida tu. Sauti ya jirani. Washabiki wakaona wameibiwa. Filamu moja, akapotea.

Nikamwambia Bi Harriet, hadithi yangu ni kinyume chake. Akanitaka nieleze. Nikamweleza, na nilishangaa maneno yanatoka.

Tanga, Ngamiani, kibanda cha video. Filamu za Kihindi, za Kichina, na mimi kwenye kiti kirefu na maiki, natafsiri papo hapo. Kutafsiri ni jina tu. Kichina nilikuwa sijui hata salamu. Nilikuwa natunga. Mchawi wa Kichina namwita Mzee Mashaka, anadaiwa na muuza kahawa. Watu wanaanguka kwa kicheko. Waliniita DJ Kasuku. Wanaume waliniamkia barabarani kwa maneno yangu mwenyewe. Rehema alikuwa anakuja Jumapili mchana, benchi la wanawake, na mdogo wake. Hakuwa anatazama skrini. Alikuwa anafumba macho. Alituma kikaratasi kwa mkata tiketi: "Yule bibi arusi wa jana ulimsemea vizuri. Nilidhani ni mimi."

Nikamwoa. Nyumbani nikawa bubu. Giza na maiki vilikuwa vinanipa ujasiri, mchana sina. Rehema alikuwa akitania mbele ya wageni: "Mimi nilipenda spika. Nimeolewa, nikaletewa mtu, spika ikabaki kibandani." Wageni wanacheka, nami nacheka. Miaka yote hiyo sikusikia kwamba analalamika.

Bi Harriet hakunionea huruma. Akaniuliza kama nataka keki zaidi.

Alhamisi, 2 Oktoba
Salim kapiga simu wakati wa chakula cha mchana. Ni mwanyumba wangu, tumeoa dada wawili, mimi Rehema na yeye Maimuna. Mtu wa Mombasa, ana duka la nguo Houston, hawezi kukaa kimya sekunde mbili.

"Mwanyumba, skiza. Tuna family day hapa Gulfton, eighth November, Saturday mchana. Hall tushapata, projector iko. Watu wamechoka na speeches. Sasa wewe uje u-narrate hiyo movie yako ya kimya. Kwa Kiswahili. Wakongo wataelewa, Wabongo wataelewa, hata hawa watoto wetu wataelewa maana picha inajieleza. Na Rehema atakuweko. Nisha-confirm."

Nikasema nitafikiria. Akasema hakuna kufikiria, eda haingoji mtu.

Ana mpango wake mzima. Mkanda ukikatika pale kwenye kioo, watu wakiwa kimya, mimi ndiye namalizia hadithi. Nimsemee yule mume. Halafu nigeuke, nimtazame Rehema, niseme kwa jina langu: nimekurejea. Mbele ya ukumbi mzima. Atawakalisha wazee wawili mbele wawe mashahidi.

Mpango wa filamu za Kihindi. Na mimi umenipanda kichwani. Nimeshindwa kula.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimefanya mazoezi sebuleni. Bi Harriet kaniazima nakala. Nimekaa mbele ya televisheni na mwiko badala ya maiki. Dakika kumi za kwanza sauti ilitoka ya mtu mwenye mafua. Kisha mume wa shamba akaingia na ndoo, nami nikasikia mtu anasema, "Huyu bwana tangu Ijumaa hajafungua mdomo, hata ng'ombe wanamsemea." Ni mimi. Nikacheka peke yangu. Nikaendelea mpaka kioo.

Pale kwenye kioo nikasimama. Nimerudia mara saba.

Nyumba ina harufu ya udi wa Rehema bado, kwenye mapazia. Namtaka arudi. Namtaka aniambie nimeacha taa ya bafuni. Namtaka mpaka mbavu zinauma.

Jumanne, 14 Oktoba
Maktaba. Watu wanne. Bi Idella haonyeshwi mwezi huu, wameweka mchekeshaji fulani wa kuanguka anguka. Nimetoka katikati.

Jumapili, 26 Oktoba
Nimekwenda kumsomea Bi Harriet nilichotunga, kwa Kiingereza changu. Hakupenda nilivyomwita Bi Idella "Mwanaidi" na kumfanya mtu wa Pangani. Akagonga fimbo chini. Anasema bibi yake angenitoa nje. Nikamweleza ndivyo tulivyofanya kibandani, mtu humpenda nyota akiwa wa kwao. Akanuna. Baadaye akasema haya, lakini kwa sharti moja.

Akaurudisha mkanda mpaka kwenye kioo, akazima taa ya meza. "Usiseme kitu hapa mpaka umwone. Watu wote wanakuja na mwisho wao mfukoni, wanambandika usoni. Mtazame yeye anataka nini."

Tumetazama bila neno. Mabega kwanza, akasema. Halafu mikono. Macho mwisho, maana macho yanajua kudanganya. Mabega ya Bi Idella yameshuka. Mikono imelegea, kofia inataka kuanguka. Anataka aingie. Sina shaka tena. Yule mume angeingia tu.

Nimerudi na furaha ya kijinga. Nikampigia Maimuna, shemeji yangu, nimuulize siku. Kwanza alinisema vya kutosha, kwamba nimempeleka dada yake kwake na sanduku moja kama mgeni. Kisha akasema Rehema mwenyewe kahesabu: katikati ya wiki inayofuata shughuli. Nikamuuliza, anasemaje juu yangu?

"Hasemi. Siku hizi amekuwa kama wewe."

Jumanne, 4 Novemba
Trei moja nimeipanga vibaya leo, mikasi upande wa koleo. Msimamizi kaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana.

Siku nne.

Ijumaa, 7 Novemba
Kesho. Kanzu nimepiga pasi. Nakala ya filamu iko kwenye mfuko, nimeikagua mara tatu. Nimenunua pia kanga, doti moja, kwa mama mmoja wa Tanga anayeuza nyumbani kwake Haltom City. Sijui kama nitampa.

Nalitamka lile neno mbele ya kioo cha bafuni, lakini nusu tu. Nimeogopa kulitamka zima, lisije likapita mwenyewe hayupo, nikawa nimemrejea na mswaki mkononi.

Jumapili, 9 Novemba
Jana sikuweza kuandika. Naandika leo, polepole, kama ilivyokuwa.

Nilifika Gulfton saa sita na nusu. Magari yamejaa mpaka barabarani, watoto wanakimbizana kati ya majengo. Ukumbi una viti vya plastiki na harufu ya biriani. Watu kama mia. Salim kavaa koti, kashika maiki yeye, kanitambulisha kana kwamba mimi ndiye nyota wa filamu. Mzee mmoja wa Korogwe akainuka: "Kasuku! Kasuku wa Ngamiani! Nilikuwa naruka ukuta kukusikiliza!" Watu wakapiga makofi. Sikuwa nimesikia jina hilo miaka kumi na sita. Macho yaliniuma.

Rehema alikaa safu ya tatu, mwisho, karibu na ukuta. Baibui la kijivu. Amekonda. Hakunitazama.

Wakafunga mapazia. Nikaanza. Nasema bila kujisifu: sauti ilikuwa yote. Mwanaidi wa Pangani, bwana wa shamba na ng'ombe wake, ndoo, ugomvi usio na maneno. Walicheka mpaka mtoto mmoja akashtuka akalia. Mama mmoja wa Kikongo, mnene, mbele kabisa, alikuwa ananijibu kila sentensi. Mwanaidi alipopanda treni wanawake wakanyamaza wote pamoja. Nikasikia mtu anapenga kamasi.

Nikamtazama Rehema. Amefumba macho, kama zamani. Nikajua nimeshinda.

Tukafika kwenye kioo. Mume nje, kofia kifuani. Mke ndani. Uso wa Bi Idella ukajaa ukutani, mkubwa, mweupe, na mwanga wake ukawaangukia watu wa upande ule. Nikageuka. Rehema amefumbua macho. Ananitazama mimi, si skrini.

Alikuwa anajua. Maimuna au Salim, mmoja wao kashindwa kufunga mdomo. Wale wazee wawili walikuwa wameketi mbele wima, wamesogeza masikio.

Nikafanya nilivyofundishwa. Mabega kwanza. Ya Rehema yalikuwa juu, karibu na masikio. Mikono: ameuvuta mkoba mapajani, ameushika kwa vidole vyote kumi. Mdomo ameukaza. Halafu akatazama mlango, mara moja, haraka, akanirudia.

Hofu. Si chuki. Ningeona chuki ningejua la kufanya, ningemwomba msamaha mpaka asubuhi. Ilikuwa hofu ya mtu anayengoja kuitwa na hana namna ya kukataa. Neno moja langu na ni mke wangu tena, atake asitake. Mashahidi tayari. Anapanda gari, anarudi Richardson, anakaa mezani na mimi. Na ningenyamaza tena, najijua. Wiki mbili ningejitahidi, halafu ningenyamaza.

Skrini ikawa nyeupe. Mkanda umekwisha. Ukumbi kimya, watu mia wanangoja mdomo wangu.

Neno lilikuwa limekaa kwenye ulimi. Nalisikia uzito wake. Sijawahi kutaka kusema kitu namna ile.

Nikasema, "Yule bwana akamtazama mkewe. Akaona namna alivyoshika ile kofia. Basi naye akavaa ya kwake. Akasogea, akauacha mlango wazi. Akamwambia kupitia kioo: nilikuja kukuona tu. Endelea na kazi yako."

Nikazima maiki.

Wakaguna wote. Mama wa Kikongo akasimama: "Eh, papa! Aingie! Ametoka mbali yote hii kwa nini, lakini?" Watu wakacheka, wakamuunga mkono. Salim alinivuta pembeni, mishipa ya shingo imemtoka. "Umefanya nini, mwanyumba? Si tulikubaliana? Wednesday inaisha hii kitu!" Nikamwambia najua. Akaniangalia kama mwendawazimu, akaenda kugawa soda.

Nilikuwa nakunja waya wa spika Rehema alipokuja. Kaleta sahani ya biriani, kaiweka mezani, hakunipa mkononi. Macho mekundu.

"Nilikuwa naogopa utasema."

"Nimeona."

Akaisogeza sahani. "Ahsante, Kassim." Halafu akasema, "Sauti yako bado nzuri."

Akarudi kwa wanawake wenzake. Biriani nimeila yote, sikuionja hata tonge moja. Kanga nilimwachia Maimuna, nikamwambia ni yake yeye.

Barabara ya kurudi sikufungua redio. Nimeendesha saa nne na dakika kidogo. Nimelia kuanzia njia ya kutokea mjini mpaka nikachoka, nikasimama kuweka mafuta, nikalia tena.

Jumatatu, 10 Novemba
Bado siku mbili. Simu ipo, neno lipo. Mchana mzima nimekuwa nayo mfukoni. Nimeizima nikaifungia kabatini kazini, na nikawaambia wenzangu imeharibika.

Jumanne, 11 Novemba
Sikwenda maktaba. Bi Harriet alipiga kuuliza ilikuwaje. Nikamwambia watu waliupenda uso wa Bi Idella, wametaka kujua kama ana filamu nyingine. Alifurahi sana. Aliuliza niliwapa mwisho gani. Nikamwambia. Akasema bibi yake asingeukubali, naye pia haukubali kwa filamu ile, lakini wa yule mume mwingine, aliyesimama nje ya kioo chake mwenyewe, anaukubali.

Sikuelewa vizuri, kisha nikaelewa ni mimi.

Jumatano, 12 Novemba
Kazini, kama kawaida. Trei zote sawa.

Saa tisa Maimuna ameandika ujumbe: "Rehema ameona siku zake leo. Eda imekwisha. Allah awape kila la heri nyote wawili." Nimejibu amina.

Nimesali magharibi. Nimepika wali, kikombe kimoja. Kabla ya kukaa nikasimama jikoni, nikasema, "Nimekurejea, Rehema." Lote zima, kwa sauti, jinsi linavyotakiwa kutamkwa. Halina nguvu tena, halimfungi mtu. Nilitaka tu litoke.

Kisha nikakaa, nikala.